Viazi vitamu vimedumaa Konde, nataka kujaribu njia isiyo na dawa

Mkulima wa Konde:
Assalaam alaykum. Nalima viazi vitamu hapa Konde, Pemba, katika shamba la marehemu mama. Masika haya matuta matatu yamedumaa: majani madogo, membamba, yamekunjamana na kukwajuka. Juzi nilichimba shina moja, nikatoa viazi viwili vyembamba kama vidole. Mbegu, yaani vipande vya shina vya kupandia, nilipewa na jirani, naye alipewa na shemeji yake Makangale, ndivyo tunavyogawiana kila msimu. Dawa sitaki kupiga, wanangu wanachuma matembele humo humo. Nataka vuli nifanye utafiti wangu mdogo. Nianzie wapi?

Bibi shamba mstaafu, Wete:
Waalaykum salaam mwanangu. Dalili hizo ni za virusi, na mara nyingi huwa viwili: kimoja huletwa na vidukari, cha pili na inzi weupe. Vikikutana katika shina moja ndio hudumaa hivyo, na mavuno huweza kupungua zaidi ya nusu. Shina lililokwishaingiwa halina dawa. Na virusi vinasafiri ndani ya mbegu hiyo mnayogawiana!

Usingoje vuli. Pita sasa hivi, mashina mazima uyafunge kitambaa, yaliyokunjamana uyang'oe ukayafukie. Mbegu kata kwenye yenye kitambaa tu, ncha za juu, kiasi cha sentimita 30, uipande bondeni penye unyevu, mbali na shamba la sasa, ikungoje hadi vuli. Kuna shina hubeba kirusi kimoja lisionyeshe kitu, kwa hiyo kila msimu uchague upya.

Mkulima, Kizimbani:
Kaka, ukifika vuli panda matuta manne ya mbegu uliyochagua na manne ya mbegu ya kawaida, uyapishanishe. Ukiyatenga, rutuba ya upande mmoja itakudanganya. Pima mavuno ya kila tuta peke yake. Na inulia udongo ukiona nyufa, maana fukusi, wadudu wanaotoboa viazi, hupita humo kuvifikia. Vyenye fukusi pima mbali, usivichanganye na hasara ya virusi.

Mkulima wa Konde:
Ahsanteni sana, Bibi nimekufahamu. Asubuhi nimechana kanga kuukuu, nimefunga mashina 23. Tuta la karibu na mnazi sikupata hata moja zima, nimeling'oa lote na roho imeniuma. Jirani amekubali kung'oa yake pia, kwa kuwa mashamba yetu yanagusana. Mbegu naipeleka bondeni Ijumaa jioni, jua likipoa.