Nani kawaruhusu kuhukumu magogo ya paini kwa picha moja ya simu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana mnunuzi ametoka Kigoma mjini hadi huku kwetu Kasulu kuchukua magogo 34 ya paini tuliyokubaliana bei tangu Mei. Kafika shambani, kainama kwenye gogo la kwanza, kaona utando mweupe ubavuni. Kapiga picha moja, kairusha kwa mtu anayemwita mtaalamu. Hazikupita dakika mbili jibu likarudi: "Hiyo fangasi, mzigo umeoza, usichukue."

Nikamwambia, "Kaka, ngoja tuligeuze tulichanje na panga, uone ndani kulivyo." Akanijibu, "Mwalimu, mimi siwezi kubishana na wataalamu." Fuso likaondoka tupu. Paini hizo alizipanda marehemu baba, na hela yake ilikuwa ya ada.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na hizi kuvu nazifuatilia kwa miaka sasa. Naziita kuvu za ukoko, maana zinashika gogo kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Hazina kofia wala mguu, ni ngozi nyembamba tu iliyolala juu ya mti. Watu wa Kigoma na Tabora tumekulia kwenye uyoga wa miombo. Mama zetu wakiingia porini masika hawatii kitu kapuni bila kukigeuza, kukinusa na kuvunja shina. Leo gogo ni mali ya mtu, na anayejiita mtaalamu anatosheka na picha ya upande mmoja, tena yenye kivuli cha kidole!

Walipoondoka nililigeuza lile gogo na vijana wawili. Ukoko wenyewe uko chini, ndiko unyevu unakokaa. Katikati ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda, unateleza kidogo kama nta, na pembeni ulimalizikia kwa nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Sehemu iliyopigwa na jua ilikuwa imejikunja, unaweza kuibandua kwa ukucha. Kwa lensi ya mkononi sikuona vitundu wala meno, ni laini mtupu. Nikachanja na panga. Chini ya gome mti ni mgumu, chipsi zinatoka ndefu, harufu ya utomvu inakupiga puani. Huo ndio mzigo "uliooza".

Magogo matatu kweli yameoza, nayo nisingemuuzia mtu. Mti wake umegeuka kahawia na unakatika vipande vya mraba kama tope la mbugani lililopasuka kiangazi. Huo ni uozo wa kahawia: kuvu imekula selulosi, yaani nyuzi za kuta za mti, imeacha lignini, ile gundi inayozishikanisha. Uozo mweupe unakula na lignini yenyewe, mti unapauka na kuwa nyuzinyuzi. Ukishika kwa mkono huwezi kuvichanganya hivi viwili. Kuna na yale madoa ya bluu kwenye paini, ambayo kila msimu yanawapunguzia watu bei. Kuvu ya bluu inakula sukari iliyobaki kwenye mti mbichi, haili kuta za mti. Inaharibu sura ya ubao, nguvu yake inabaki karibu ileile. Na ubao ukishapangwa kwa vijiti, ukakauka hadi unyevu ukawa chini ya asilimia 20, uozo hauendelei.

Kilichonichoma zaidi ni jina. Huyo mtaalamu aliandika Stereum sanguinolentum, jina alilopewa na programu ya simu. Jamani, hiyo kuvu ikiwa mbichi ukiikwaruza inatoka wekundu kama damu, na jina lenyewe linasema damu! Yangu nimeikwaruza mara tano, haikubadilika hata kidogo. Jaribio la sekunde tatu lingemwokoa asiseme uongo. Zamani wasomi wenyewe walizirundika kuvu laini za namna hii kwenye jenasi moja, Corticium, mpaka hadubini ilipowalazimisha kuzitenganisha kwa umbo la spora na seli zake. Mwaka 2012 wakapendekeza kipande cha DNA kinachoitwa ITS kiwe kitambulisho rasmi cha kuvu. Watu wamefika huko, wewe unamaliza kesi kwa WhatsApp.

Halafu kuna aliyeshauri nichome kila kitu, pamoja na visiki. Uingereza, tangu miaka ya 1960, wanapaka kwenye visiki vya paini kuvu ya ukoko iitwayo Phlebiopsis gigantea, kwa makusudi, iwahi kisiki kabla ya Heterobasidion annosum inayoozesha mizizi ya miti iliyosimama. Kwao ukoko ni dawa. Sisemi yangu ndiyo hiyo. Nasema huwezi kuamuru kiberiti kwa kitu ambacho hujakigusa.

Na mnaoniletea sampuli, tafadhali msizifunge kwenye nailoni. Juzi nimepokea moja imetoka Uvinza, imetoa jasho njia nzima, imefika ni ukungu wa kijani mtupu, hakuna cha kutazama. Wekeni kwenye bahasha ya karatasi pamoja na kipande cha mti wenyewe, muanike kivulini.

Aliyetoa hukumu ile najua yumo humu. Magogo 31 mazima bado yako palepale, na mvua za Oktoba zikianza hapo ndipo yataoza kweli. Njoo na panga tuchanje pamoja. Ukishindwa kuja, mpigie mnunuzi umwambie uliona upande mmoja tu.