Mjadala: Mr. Bad Guy ya Freddie Mercury ilionewa, au tunaihurumia kwa sababu mwenyewe hayupo?

Mwanzisha mada

Habari za leo wakuu. Kila ikifika Septemba 5, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, pale Mji Mkongwe mwaka 1946, watu wanaweka picha za Queen na za uwanja wa Wembley, basi. Albamu aliyoifanya peke yake, Mr. Bad Guy, haitajwi. Ikitajwa, lazima atokee mtu wa kusema ile ilikuwa disko ya ovyo, kwenye chati za Marekani iliishia namba 159. Namba hiyo ni ya kweli, siipingi. Ila siku hizi naona wasikilizaji wanairudia, vijana hasa, na wengi wanasema ilionewa. Mimi niko upande wao. Nielezee, halafu mnipinge.

Kwa wasioijua: ilitoka Aprili 29, 1985, nyimbo 11, zote katunga mwenyewe. Ilirekodiwa Munich, studio ya Musicland, na prodyuza alikuwa Reinhold Mack, yule yule aliyefanya kazi na Queen. Humo hamna wenzake wa Queen: hamna Brian May, hamna Roger Taylor, hamna John Deacon. Kwenye maelezo ya jalada kawashukuru hao watatu kwa kutoingilia kazi yake, na albamu nzima kamtunuku paka wake Jerry. Utani wa Freddie huo.

Wapenzi wa roki walitarajia gitaa, wakapewa vinanda vya umeme na midundo ya disko. Tena walikuwa bado na kinyongo cha Hot Space ya 1982, ile Queen waliyoingia disko wazima wazima. Kwa hiyo Mr. Bad Guy ilihukumiwa kabla haijamaliza upande wa kwanza.

Hoja yangu: walikataa mavazi ya nyimbo wakadhani wamekataa nyimbo. Chukueni Living on My Own. Mwaka 1985 Uingereza ilifika namba 50 ikafia hapo. Mwaka 1993, Freddie keshafariki, ikabadilishwa midundo ikawa ya klabu, ikashika namba 1. Sauti ni ile ile. Kisha 1995 Queen wakachukua sauti yake ya I Was Born to Love You na ya Made in Heaven, wakaweka gitaa na ngoma zao, na huo wa pili ukaipa jina albamu yao. Watu waliozibeza nyimbo hizo miaka kumi nyuma wakazililia. Sasa ubaya ulikuwa wapi?

Kipara wa Roki

Mkuu, hapo umejifunga goli mwenyewe. Kama wimbo ulihitaji maprodyuza wengine kuuokoa 1993 na bendi nzima kuuokoa 1995, basi waliosema 1985 kwamba albamu haijaiva walikuwa sahihi. Msikilizaji hanunui wimbo utakavyokuja kuwa. Ananunua kilichomo kwenye santuri aliyoishika mkononi.

Halafu tuseme ukweli, mwaka 1993 ni mwaka wa msiba bado. Kafariki Novemba 1991. Mtu mpendwa akifa, hata kanda zake za mazoezi zinauzika. Huo unaouita uthamini wa wasikilizaji mimi naona ni rambirambi.

Mwanzisha mada

Rambirambi zingeishia miaka miwili mitatu. Leo anayeisikiliza ni kijana wa miaka ishirini, Freddie kafa yeye hajazaliwa. Anamlilia nani?

Kipara wa Roki

Anayemlilia kamwona kwenye sinema ya 2018, ndiyo maana.

Bi Kaseti

Hapo kwenye sinema msinipite, maana ndiyo imeiharibia albamu hii jina mara ya pili. Bohemian Rhapsody inaonyesha Freddie kachukua hela za mkataba wa peke yake, kawasaliti wenzake, bendi ikavunjika, ndipo wakapatana kwa ajili ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley 1985. Si kweli hata kidogo. Roger Taylor alishatoa albamu yake binafsi mwaka 1981, na Brian May alitoa ya kwake, Star Fleet Project, 1983. Freddie kwa albamu alikuwa nyuma yao. Na mwaka 1985 albamu yake ikitoka, Queen walikuwa kwenye ziara, wako Australia, wakitoka hapo wanakwenda Japani. Bendi iliyovunjika inafanya ziara?

Sasa kijana anatoka kuangalia ile sinema anaamini Mr. Bad Guy ni albamu ya usaliti, anaisikiliza akitafuta kosa. Wanaoipenda leo wameipenda licha ya sinema.

Mimi binafsi si mtu wa roki. Nyimbo zangu humo ni zile za taratibu. There Must Be More to Life Than This, sikilizeni mwanzoni, piano na sauti tu, anaimba kama mtu aliyekaa nawe meza moja. Huo aliwahi kuurekodi na Michael Jackson 1983, haukutoka wakati ule, toleo la wawili hao likaja kutoka 2014 kwenye Queen Forever. Nimeyasikiliza yote mawili na bado narudi kwa la 1985 aliloimba peke yake. Na Love Me Like There's No Tomorrow, jamani! Uingereza uliishia namba 76. Namba 76, wimbo ule.

Mshangani

Nawasalimu kutoka Unguja. Huku tatizo ni jingine kabisa. Ukimtaja Freddie, kabla hujafika kwenye wimbo mazungumzo yameshahamia kwenye maisha yake ya mapenzi na wanaume. Mwaka 2006 palikuwa na sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, ikapingwa mpaka ikafutwa. Tangu 2019 kuna makumbusho yake hapa Shangani, wanaoingia wengi ni wageni, na wageni wanataka Queen. Kwa hiyo albamu hii huku haikuthaminiwa wala haikudharauliwa. Haikusikilizwa.

Nami nawauliza nyie mnaosema vinanda viliharibu: mmeusikia wimbo wenyewe uliobeba jina, Mr. Bad Guy? Ule una okestra kamili, fidla zinapanda na kushuka nyuma ya mwimbaji. Sisemi kaiga taarabu, familia yao iliondoka 1964 na yeye utoto wake mwingi ulikuwa shuleni India. Nasema sikio lililolelewa na fidla nyingi halipati shida na wimbo ule. Sikio la roki ndilo lililopata shida.

Fundi Mitambo

Naona mnapita pembeni ya jambo kubwa. Mnapoiambia dunia "isikilizeni upya", ni ipi? Mwaka 2019 albamu yote ilimiksiwa upya kutoka kwenye kanda asili, ikatoka kwenye boksi la Never Boring. Mimi kazi yangu ni sauti, nimezikalia zote mbili kwa hedifoni. Ile ya 1985 ina mwangwi mwingi, ngoma zinapiga kama ziko kwenye bohari, na sauti ya Freddie imezama katikati. Miksi mpya imemtoa mbele, unasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kupanda juu kwenye Made in Heaven. Ni kazi safi.

Lakini sasa kijana anayesema "mbona albamu nzuri hii, wazee mliionea" anasikiliza kitu ambacho wazee hawakukisikia. Mwandishi wa 1985 alihukumu kilichokuwa kwenye santuri ya 1985. Kipara ana hoja hapo.

Pale ninapomwacha Kipara ni kwenye neno "haijaiva". Sikiliza My Love Is Dangerous kwenye santuri ya zamani, siyo mpya. Unaanza na mdundo wa rege, taratibu, halafu katikati unageuka, gitaa linaingia kwa nguvu, ni roki tupu mpaka mwisho. Hakuna aliyekuja kuurekebisha huo 1993 wala 1995. Ulikuwa hivyo tangu mwanzo, na waliolalamika kwamba hamna gitaa hawakuufikia.

Kipara wa Roki

Nimeenda kuusikiliza. Sawa, huo ni mzuri. Mmoja. Nyimbo 11, mzuri mmoja.

Bi Kaseti

Na I Was Born to Love You ilifika namba 11 Uingereza hapo hapo 1985, na albamu namba 6. Haikuhitaji msiba. Marekani ndiko ilikoanguka, na nyie mnaichukua hukumu ya Marekani mnaifanya ya dunia nzima.

Mwanzisha mada

Asante Bi Kaseti, hiyo ningeiweka mwanzo kabisa. Namba 6 si albamu iliyotupwa. Tuseme ilinunuliwa na wasikilizaji, ikatupwa na wapenzi wa roki, na kwa miaka mingi hao wa pili ndio walioandika historia yake.

Kipara wa Roki

Tumeiandika vizuri tu. Foolin' Around mmeusikia lakini? Nipeni mtu mmoja humu wa kuutetea.

Mshangani

Mie. Wa kuchezea ule, si wa kukaa kwenye kiti umekunja mikono kama wewe.

Fundi Mitambo

Kuna mwenye santuri ya 1985 iliyo safi, isiyo na mikwaruzo? Niko Dar, naleta mashine yangu, tuzipige mbili sambamba, Kipara naye aje.