Nimenogewa na Les Wanyika, baada ya hapa nisikilize nini? Naombeni ushauri wadau

FundiWaTemeke
Wakubwa shkamooni, wadogo mambo. Mimi ni dada fundi cherehani, kazini kwangu muziki hauzimwi toka nafungua mpaka nafunga, na miaka yote nilikuwa mtu wa bongofleva na singeli basi. Sasa huu mwezi nimehamia kwingine kabisa, nasikiliza Sina Makosa ya Les Wanyika asubuhi mchana jioni na wala siichoki. Kilichonikamata ni besi. Haina haraka, inapiga, inanyamaza kidogo, inarudi, halafu gitaa la rizim linazunguka palepale mpaka wimbo unaisha na mkono haulegei, yaani najikuta nakanyaga cherehani kwa mapigo yao.

Shida yangu ni hii, nikitaka kuendelea napotea. Mtandaoni kuna Simba Wanyika, kuna Les Wanyika, kuna Super Wanyika, kuna Wanyika Stars, sijui ni watu walewale au ni bendi nne, na watu wanapandisha wimbo mmoja kila mtu na jina lake. Nikiandika zilipendwa naletewa mchanganyiko wa saa mbili nyimbo zimeungwaungwa hata jina la bendi hamna. Sasa naomba mnielekeze, nikitoka hapa niende wapi, na mtu anawezaje kuijua bendi kwa kuisikia tu? Sitaki orodha ya nyimbo mia, nitaishia njiani. Nioneshwe njia. Na nyie mtaje mnasikiliza nini siku hizi.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba mwanangu. Umeingilia mlango mzuri sana, maana hao Wanyika unaowasikia Nairobi ni watoto wa hapa hapa Tanga. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walipigia Jamhuri Jazz ya Tanga miaka ya sitini, wakaenda Arusha wakaanzisha Arusha Jazz, kisha 1971 wakavuka Kenya na ndo ikazaliwa Simba Wanyika. Hiyo ndiyo mama. Mwaka 1978 wakachomoka kina Omari Shabani wa rizim, Tom Malanga wa besi hiyo inayokunyima usingizi, Rashid Juma wa dramu na Issa Juma mwimbaji, wakaungana na John Ngereza, wakajiita Les Wanyika. Baadae Issa Juma nae akatoka akaenda kuanzisha yake, hizo Super Wanyika na Wanyika Stars unazoziona ndo huko. Kwa hiyo sio bendi moja ila ni ukoo mmoja.

Ushauri wangu, rudi nyuma kwanza. Sikiliza Simba Wanyika, halafu rudi nyuma zaidi sikiliza Jamhuri Jazz na wenzao wa Atomic Jazz, nao wa hapa hapa. Utasikia yale magitaa yanavyopishana yalianzia wapi. Mimi wiki hii niko na Atomic, nikiwapigia wajukuu mwanzoni wananuna wanasema sauti imekwaruza, wimbo ukifika katikati miguu yao inanipa jibu.

Kayole_Finest
Sasa dadangu, karibu sana, Nairobi hapa. Huku kwetu Sina Makosa ni kama wimbo wa taifa wa pili, harusini ikipigwa hata mashosho wanasimama. Mzee hapo juu amesema ukweli wote, mi naongezea tu fuata Issa Juma pekee yake, tafuta Sigalame. Ile sauti ni nzito na magitaa yako mbio kushinda ya Les Wanyika, lakini ukishazoea ile rizim ya kwanza hii nayo utaielewa haraka. Ukimaliza nenda kwa Wakongo waliohamia Nairobi wakaimba Kiswahili, Super Mazembe na Les Mangelepa. Na usiwasahau Maroon Commandos, hao walikuwa wanajeshi wa Kenya kabisa, na Charonyi ni Wasi wameimba Kitaita, huhitaji kujua lugha ndio uskie uchungu wa mtu aliye mbali na kwao.

Mpenzi wa Chemko
Dada nikujibu lile swali la kuijua bendi kwa kusikia maana hapo ndo pagumu na ndo patamu.

Cha kwanza, sikia kama kuna vya kupuliza. Sina Makosa ni magitaa, besi, dramu na sauti, hakuna tarumbeta. Ukisikia tarumbeta na saksafoni zinajibizana na waimbaji, zinaingia kwa pamoja kama wamehesabiwa, ujue huenda uko Dar kwa Mlimani Park au kwa Msondo. Cha pili, wimbo wa dansi wa Dar mara nyingi una nusu mbili. Nusu ya kwanza taratibu, mtu anasimulia kisa chake chote, nusu ya pili ndo chemko, gitaa linabadilika, dramu inapanda, waimbaji wanarudiarudia kibwagizo na watu wanaingia kati. Wengi siku hizi wanaruka nusu ya kwanza wanakimbilia chemko, wanajinyima. Tafuta Neema ya Mlimani Park aliyoimba Cosmas Chidumule, kaa nayo kutoka mwanzo, usishone hiyo dakika.

Cha tatu ndo njia uliyoomba: fuata mtu, usifuate jina la bendi. Wanamuziki wa dansi walikuwa wanahama sana, na kila anayehama anahama na mkono wake. Chukua mwimbaji Muhidin Gurumo. Anza nae NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964, ikaja kuitwa JUWATA, ikaja OTTU, leo ni Msondo Ngoma, ni ileile. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park, Gurumo na Hassan Bitchuka wakahamia huko, Michael Enoch nae yuko pale anapanga muziki. 1985 Gurumo na Bitchuka na Abel Balthazar wakachukuliwa na Orchestra Safari Sound, ndo ukaja mtindo wa Ndekule. Baadae Gurumo akarudi nyumbani Msondo. Umemfuata mtu mmoja tu tayari umesikiliza bendi tatu kubwa, na masikio yako yenyewe yanakwambia nini kimebadilika na nini kimebaki. Ukichoka mshike Marijani Rajabu, toka Safari Trippers mpaka Dar International. Hutapotea tena.

Na jua mitindo, inasaidia sana: Sikinde ni Mlimani, Msondo ni JUWATA, Saboso ni Western Jazz, Pambamoto ni Vijana Jazz, Masika ni Mbaraka Mwinshehe. Mara nyingi waimbaji wenyewe wanautaja mtindo wao humo humo ndani ya wimbo, tega sikio kwenye chemko.

FundiWaTemeke
Jamani asanteni, Mzee shikamoo tena. Nimetafuta Neema nimeisikiliza jana usiku baada ya kufunga, mpaka chemko linaingia nilikuwa nimeacha kila kitu. Ila swali, mbona Les Wanyika sauti zao safi besi inasikika kila noti, halafu hizi za Dar za miaka ileile nyingine kama zimerekodiwa chooni? Au ni simu yangu?

Santuri_Kavu
Sio simu yako peke yake dada. Kina Wanyika walikuwa Nairobi, kule ndo kulikuwa na studio za makampuni na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi za kwetu zilirekodiwa studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima inapiga kwa pamoja, tepu inabaki redioni kwa ajili ya kurushwa. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mpaka ukafungwa hadi 1983, na hiyo ndo miaka Mlimani Park inawaka moto, kwenda Nairobi kutoa santuri ikawa kazi kweli. Kwa hiyo unachosikia mtandaoni nyingi ni mtu alirekodi redio kwa kaseti, kaseti ikanakiliwa, ikanakiliwa tena. Tepu zenyewe za RTD ni safi, ukipata iliyotoka moja kwa moja kwenye tepu utashangaa, hadi pumzi ya mpuliza saksafoni unaisikia. Sasa ushauri wa vitendo: spika ya simu haina besi kabisa, na wewe umependa besi. Nunua hedifoni za waya za kawaida tu au unganisha simu na sabufa, halafu wimbo uleule tafuta matoleo mawili matatu ulinganishe, usiridhike na la kwanza.

Mimi kwa sasa nasikiliza Ndala Kasheba na lile gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Sijatoka hapo.

Lingala Kwanza
Mnamzungusha dada wa watu. Aende kwa Franco wa Kongo moja kwa moja, aanze na Mario ya 1985, huko ndo kwenye chemchemi, hao wengine wote walichota huko.

Mpenzi wa Chemko
Franco ni mkubwa hakuna anayebisha, ila kaka usimwambie wengine wote walichota huko ukaishia hapo. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, Mbaraka na Salum Abdallah wana Morogoro yao ndani ya gitaa, na visa vinavyoimbwa ni vya nyumba za kupanga za Dar. Dada anaelewa kila neno linaloimbwa, na nusu ya utamu wa dansi ni kisa. Kwa Franco ataenda, ila baadae.

Bint Pwani
Shoga mimi naona hawa kaka zako wamesahau mlango mmoja. Kwa vile umependa besi na rizim, usiogope taarab ya Tanga ya zamani. Sio ile ya rusha roho ya kinanda. Black Star walipiga taarab kwa gitaa na besi, mwendo wake unakaribiana na dansi, na juu yake yuko Shakila binti Said. Sikiliza Macho Yanacheka kwa hedifoni hizo ulizoambiwa. Ukimkubali Shakila ndo uvuke bahari kwenda Unguja kwenye ganuni na fidla za vikundi vya Culture na Ikhwani Safaa, ile inataka utulivu, sio ya kusikiliza huku cherehani inalia.

Mimi jikoni kwangu wiki nzima ni Shakila, nikipata nafasi usiku namuweka Bi Kidude.

FundiWaTemeke
Nimeandika kwenye daftari la vipimo: Simba Wanyika, Jamhuri, kisha namfuata Gurumo, Shakila nimemuweka jumapili. Mzee wa Ngamiani, Atomic naanza na wimbo gani?

Mzee wa Ngamiani
Anza na Tanzania Yetu mwanangu. Sikiliza solo, halafu rudia sikiliza rizim peke yake.