Mafundi wa koilova Nairobi mnajua kushusha gari chini tu, suspensheni hamjui!!

Wadau leo nimekasirika na lazima nitoe. Niko na Subaru Legacy B4, bodi ya BL5, ile toleo la spec B inayotoka kiwandani na shoki za Bilstein, gari ilikuwa poa ni shoki tu zilikuwa zimeanza kuvuja, nikapeleka gereji moja Industrial Area inajiita ya sports iwekewe koilova, yaani shoki na springi pamoja ambazo unaweza kurekebisha urefu wa gari. Sai inaruka kama mkokoteni.

Nilimwelezea fundi vizuri kabisa, hii ni gari ya kila siku, napanda nayo matuta ya kando ya Thika Road na wikendi nabeba familia Naivasha. Unajua aliniuliza nini? "Bosi tushushe vidole vingapi?" yaani ibaki nafasi ya vidole vingapi kati ya tairi na bodi. Basi! Springi ni ya kilo ngapi hakuna habari, eti "usijali hizi ni kali". Nikaja kusoma mwenyewe kwa springi, ya mbele ni kilo 10, maanake inataka kilo 10 ndio ibonyee milimita moja. Hiyo ni ya gari ya mashindano si ya mtu anabeba mtoto nyuma!

Alafu vile aliishusha ndio iliniua. Koilova hizi zina mguu wa chini wenye nyuzi, unalegeza ile ringi ya kufunga, unazungusha bodi iingie ndani ya mguu, gari inashuka na springi haijaguswa kabisa, safari ya dampa (shoki yenyewe) ya kupanda na kushuka inabaki ile ile. Yeye alilegeza ringi ya springi, ndio kazi rahisi. Gari ikipandishwa jeki springi ya nyuma nilikuwa naizungusha na mkono, imelegea kabisa!! Ikishuka chini dampa imebakisha kanafasi kadogo tu igonge raba ya mwisho, na ikigonga unasikia mpaka kwa meno.

Na kliki je, zile hatua za kukaza ama kulegeza dampa? Ziko 30, zote amekaza mpaka mwisho mbele na nyuma, anasema ndio sport. Sport gani? Ukikaza hivo dampa inarudi polepole, ukipita yale matuta madogo yamefuatana springi haijapata kunyooka ya pili imefika, ya tatu imefika, gari inazidi kuzama tu. Mtu anayejua anaanza laini, anaongeza kliki mbili mbili akiendesha barabara ile ile mpaka gari iache kuyumba, alafu anaachia hapo.

Bushi nazo, zile raba za maungio ya mikono ya suspensheni, alikaza gari ikiwa hewani. Hewani jamani! Raba inashikwa ikiwa imejipinda, ukishusha gari inakaa imenyongwa siku zote mpaka ipasuke. Na wili alainmenti (kunyoosha matairi) hakufanya, wakati gari ikishuka matairi lazima yainame ndani na mwelekeo ubadilike, sasa tairi zangu za mbele upande wa ndani zimeonyesha waya na nje bado ni mpya.

Nimerudi kwake anataka nilipe leba tena ndio "aangalie". Silipi hata bob. Nataka arekebishe kazi yake ama arudishe pesa na Bilstein zangu, ambazo pia ati "zilitupwa", wacha nikae kimya kwa hiyo kwanza.

Kama kuna mtu anajua fundi Nairobi anayekaza bushi gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na ana springi za kilo 5 ama 6 za BL5, weka hapa ni area gani na leba ni ngapi.