Kichochoro cha Mkomani, Lamu: mbona njia yapanda?

Penseli ya Langoni
Wenzangu, nachora kichochoro chenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia. Mistari ya kuta zote nimeielekeza nukta moja ya mbali, inapokutana, lakini njia yaonekana kupanda mlima. Kosa liko wapi?

Fundi Rula
Nukta umeiweka juu ya usawa wa macho. Piga kwanza mstari wa upeo, yaani mstari wa ulalo kwenye usawa wa macho, kama mita 1.6 kutoka chini kwa aliyesimama, kisha nukta ikae hapo hapo. Ndiyo kanuni aliyoiandika Alberti, mwanazuoni wa Italia, mwaka 1435, baada ya msanifu majengo Brunelleschi kuionyesha mjini Florence. Kichochoro kikipinda, kila kipande kilichonyooka kina nukta yake, ila upeo ni uleule. Katikati ya mlango usipime kwa rula! Piga mistari kona kwa kona, inapokatana ndipo. Nusu ya mbali lazima iwe nyembamba.

Bi Hesabu
Michezo ya kompyuta yafanya hayo hayo: upana na kimo hugawanywa kwa umbali. Umbali ukiwa mara mbili, mlango huonekana nusu.

Penseli ya Langoni
Na boriti za wikio?

Fundi Rula
Zinazokatiza njia hubaki sambamba na upeo. Usizielekeze kwenye nukta, wikio litapinda.