Naombeni ushauri: faiba inasoma mtetemo hata meza ikiwa imezimwa

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kidogo hapa. Tuko maabara tunajaribu faiba ya kawaida (ule uzi wa kioo wa intaneti) kusoma mitetemo kama ya tetemeko, tunapiga leza ya 1550 nm halafu tunasoma ule mwanga kidogo unaorudi nyuma kutoka ndani ya kioo, faiba tumeibandika kwenye meza ya kutikisa na jiofoni (kifaa cha kupima mtetemo wa ardhi) iko pembeni ya kulinganisha. Sasa kuanzia 5 Hz kwenda juu mambo safi, mistari ya faiba na jiofoni kwenye grafu inalaliana kabisa, ila nikishuka chini ya 1 Hz mstari wa faiba unatambaa wenyewe hata meza ikiwa imezimwa, na jiofoni ni ya 4.5 Hz (chini ya hapo inasoma hafifu) so huko chini siwezi kuitegemea.

Nahisi ni joto maana mtu akifungua tu mlango grafu inapanda, AC ndo usiseme. Nyie mnafunika na nini, au mnaweka faiba ya pili isiyotikiswa mnatoa tofauti?

Halafu kebo yenye jeli ndani inasoma kidogo sana kuliko ile iliyobanwa na plastiki, nadhani uzi unateleza humo humo, sasa nikipaka epoksi (gundi ngumu) kwa nje itasaidia kweli au napoteza muda?