Naomba ushauri: viungo vya bomba la milimita 160 vinaachia wakati wa kupima shinikizo

Mtaro_Mrefu (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa mabomba, na kwa sasa niko wilayani Makete kwenye mradi wa maji wa kijiji, ambako nimepewa kazi ya kulaza na kuunganisha bomba la plastiki la PE100 la milimita 160, daraja la bari 10 (yaani la kuhimili shinikizo la bari 10), urefu wa mita 1,800. Bomba limekwisha kulazwa na sehemu kubwa ya mtaro tumeifukia. Juzi tulipoanza kupima, shinikizo lilipofika bari 9 kiungo kimoja kikaachia. Tukakikata, tukakiunganisha upya na kujaza maji tena, kikaachia kingine mita kama 200 mbele, na jana cha tatu. Kwa nje viungo vyote ni vizuri, mkunjo wa plastiki umeviringika pande zote mbili, tena mnene. Msimamizi anakuja Jumatatu. Ninachouliza ni kimoja tu: je, inawezekana mabomba yenyewe yalitoka kiwandani yakiwa mabovu, na nitalithibitishaje hilo?

Tone_kwa_Tone
Pole sana, mkuu. Angalia jenereta kwanza. Makete kuna baridi na upepo, na kama jenereta ni ndogo, ukiwasha randa ya kusawazisha ncha za bomba huku pleti, ile sahani ya moto ya kuyeyushia ncha hizo, ikiwa inapata moto, umeme unashuka na pleti inapoa bila wewe kujua. Sisi tulihangaika wiki nzima kwa sababu hiyo, tukabadilisha jenereta, kazi ikaisha salama. Tafuta kubwa zaidi.

Mzee_wa_Randa
Kijana wangu, kabla ya kuyalaumu mabomba na kabla ya kununua jenereta, tuambie mambo mawili. Kiungo kilichoachia, uso wake ukoje? Umechanika kwa nyuzinyuzi za plastiki iliyovutika, au umetengana ukiwa laini? Pili, mashine ni ya nani, na shinikizo la kusukumia ncha mbili zilizoyeyuka zishikane ulilitoa wapi?

Mtaro_Mrefu
Shikamoo mzee wangu, na asante. Uso ni laini, kama umekatwa kwa kisu. Mashine ni ya kukodi lakini ni nzima, pleti ilisoma nyuzi 220 siku zote, na jedwali la shinikizo tulikuwa nalo.

Mama_Chanzo
Mimi si fundi, ni mjumbe wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji changu, kwa hiyo mnisamehe nikisema jambo la pembeni. Bomba lenu likipasuka baada ya ninyi kuondoka, ni mimi na wanawake wenzangu tunaorudi mtoni na ndoo, na ni michango yetu inayonunua vipuri. Mwanangu, usiifukie kazi usiyoiamini.

Mzee_wa_Randa
Marahaba. Uso laini maana yake plastiki ya pande mbili haikushikana, na kosa hilo halitoki kiwandani. Umesema “jedwali tulikuwa nalo.” Jedwali la mashine hiyohiyo?

Mtaro_Mrefu
Hapana, mzee. Mashine ya kukodi ilikuja bila karatasi zake, nikatumia jedwali la mashine yetu ya zamani. Bomba ni lilelile la 160, unene uleule wa milimita 9.5, kwa hiyo niliona hakuna tofauti. Nilisukuma kwa bari 11 kama lilivyoandikwa.

Mzee_wa_Randa
Hapo ndipo penye tatizo, na naomba tulitazame taratibu, kwa kuwa ni kosa linalofanywa na mafundi wengi wenye mikono mizuri. Bari unazozisoma kwenye geji ni za mafuta ndani ya mitungi ya mashine, wala si nguvu inayofika kwenye uso wa bomba. Ukuta wa bomba lako una eneo la milimita za mraba 4,490 hivi. Ukitaka nguvu ya njutoni 0.15 kwa kila milimita ya mraba, unahitaji njutoni 674. Mashine ambayo mitungi yake kwa jumla ina eneo la sentimita za mraba 6 itakupa nguvu hiyo kwa bari 11. Mashine ya sentimita za mraba 12 itakupa kwa bari 5.6 tu. Juu ya hapo unaongeza shinikizo la kuburuta, ambalo unalipima upya kwa kila kiungo kwa kutazama geji inasoma ngapi pale toroli, sehemu ya mashine inayobeba bomba, inapoanza tu kutembea na bomba lake. Kama mitungi ya mashine uliyokodi ni mikubwa, wewe umekuwa ukikamua plastiki yote iliyoyeyuka nje ya kiungo. Ndiyo maana mkunjo ni mnene na wa kuvutia, na ndani hakuna kitu.

Tone_kwa_Tone
Mzee amesema kweli, ingawa mimi bado naogopa pleti. Nilipokuwa msaidizi, fundi wetu aliona plastiki imeganda kwenye pleti akaikwangua kwa bisibisi. Ule utando mweusi usionata ukachubuka pembeni, mahali padogo kama ukucha wa kidole kidogo, na tangu siku hiyo kila bomba liliacha uzi wa plastiki palepale, na kila kiungo kikawa na uchafu upande uleule. Pleti hufutwa ikiwa ya moto, kwa kijiti cha mti na kitambaa safi cha pamba kisichoacha nyuzi, kisha inarudishwa kwenye mfuko wake. Mtu asiiweke chini kwenye udongo hata mara moja.

Mtaro_Mrefu
Nimewaelewa. Hata hivyo, ni viungo vitatu tu vilivyoachia, na vingine vyote vimeshika mpaka sasa. Nimekwisha kuagiza soketi za umeme tatu, zile zenye waya ndani, nizivalishe hapo, nipime, nifukie. Hati ya malipo nimeiwasilisha, na vijana wangu wanadai posho. Kufukua mtaro wote ni kujimaliza.

Binti_wa_Hesabu
Samahani, wakuu, lakini mimi kisa hiki nakitilia shaka. Mita 1,800 kwa mabomba ya mita 12 ni viungo karibu 150. Ndugu, uliviunganisha kwa siku ngapi, na kwa mashine ngapi?

Mtaro_Mrefu
Mashine moja, siku nne.

Binti_wa_Hesabu
Basi hesabu haikubali. Kufunga bomba, kuliranda, kukagua kama ncha zimelingana, kupasha kwa sekunde kama 95 kwa unene huo, kisha kulipoza likiwa limebanwa chini ya shinikizo kwa dakika 13 hivi: hakuna kiungo kitakachopungua dakika 25. Saa kumi za kazi bila kupumzika ni viungo 24. Wewe unatuambia 37 au 38 kwa siku. Ama kisa umekitunga ili kutupotezea muda, ama kuna jambo hujalisema.

Mlinda_Valvu
Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo. Watu huja humu na visa vya kubuni, tunakesha kuvijibu.

Mtaro_Mrefu
Sijatunga, dada. Nimekaa saa nzima nikisita kuandika. Vibanio tulikuwa tunavifungua baada ya dakika nne. Vijana walimwagia maji kidogo kiungo kionekane kimepoa, tunalivuta bomba, tunafunga lingine. Mvua ilikuwa inakaribia na siku za mkataba zilikuwa zinaisha. Niliona kwa nje pamegusika bila kuunguza mkono, nikaamini pameshika.

Mzee_wa_Randa
Asante kwa kulisema, kijana wangu. Nje hupoa mapema, katikati ya ukuta bado ni laini, na ukilivuta bomba hapo unakitenganisha kiungo kabla hakijazaliwa. Maji ya kumwagia yanaongeza madhara, maana nje panasinyaa wakati ndani bado pana moto. Sasa usibahatishe. Fukua viungo vitatu ambavyo havijaachia, chagua siku tofauti za kazi, vikate na kipande cha bomba kila upande. Pasua ukanda wa upana wa vidole viwili unaopita kwenye kiungo, ukunje kwa nguvu kwa kukipeleka kiungo nje. Kikiwa kizima kitakataa kufunguka.

Mtaro_Mrefu
Nimerudi. Nimevikata leo asubuhi. Ukanda wa kwanza ulishika. Wa pili ulifunguka nusu ya unene. Wa tatu nilipoukunja ulilia “tap” ukaachana mikononi mwangu, na nyuso zake zilikuwa ziking’aa kama sahani. Soketi za umeme nimezisimamisha. Nimempigia msimamizi asisubiri Jumatatu, na hati ya malipo nimeiomba irudi. Mwenye mashine ameahidi kunisomea eneo la mitungi kwenye kibati chake.

Mzee_wa_Randa
Ukilipata, liandike hapa, nitakupigia hesabu ya jedwali lako. Na ziba ncha za mbali za mabomba unapounganisha, upepo usipite ndani. Mimi niko Makambako; kipimajoto cha kugusa pleti ninacho, mtume kijana aje akichukue.

Mtaro_Mrefu
Kibati kinasoma sentimita za mraba 11.8, mzee. Kijana amepanda basi la saa nane.